Kaye ya mlangoni: sheria mpya za intaneti katika maktaba yetu

Maneno ya timu ya kazi mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Butembo. Tumeyaandika karibu namna yalivyosemwa, na tumeongeza majibu ya maulizo mawili ya wanamemba wa Beni.

  Tulipewa dakika ishirini. Tutajaribu.

Sheria ziko ukutani kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinande, kila mtu atazisoma akitoka. Hatutazisoma moja moja. Tunataka kusema hasa juu ya ile yenye ilituletea matata, ile ya kaye ya mlangoni, kwani nyingine nyingi zilitoka humo.

Wakati tulifungua mashini za kwanza, tulifanya kama tulivyofundishwa chuoni na kama mkataba ulivyotuomba. Mtu anaingia, anaandika jina lake, jina la baba, kijiji cha asili, namba ya simu, halafu kile anachotafuta kwenye intaneti. Anatia sahihi. Mwisho wa mwezi tunapiga picha za kurasa, tunazituma. Ilikuwa kazi safi, na tulijisifu.

Kisha kuko siku mtu mmoja alifika na mota, amevaa vizuri, akasema anatoka ofisi fulani na anataka kuona namna vijana wanatumia intaneti. Mwenye zamu alimpa kaye. Yule bwana akapiga picha kurasa mbili, akashukuru, akaenda. Mpaka leo hatujui alikuwa nani. Pengine alikuwa mtu wa kweli mwenye kazi ya kweli. Lakini juma lililofuata viti vilibaki bure, zaidi viti vya wale wenye asili yao ni upande wa Eringeti na Kamango. Sisi tulifikiri ni mavuno. Tulikaa karibu mwezi mzima tukifikiri ni mavuno!

Mzee mmoja njo alitufungua macho. Alikuja kumsindikiza mjukuu wake, lakini yeye mwenyewe alibaki mlangoni. Tukamwambia karibu ndani, mzee. Akajibu: «Mwanangu, mimi nimeandikwa mara ngapi? Na kila mara nilisikia jina langu linatembea mbele yangu.»

Mufikirie naye. Julai 2013 ADF walishambulia Kamango, makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Bundibugyo, na kule Uganda waliandikwa. Wenye walipelekwa Kyangwali waliandikwa tena. Waliporudi, waliandikwa juu ya chakula, na kuko wenye walikuta mtu mwingine amekwisha kutia sahihi kwenye jina lao na kubeba unga wao. Halafu ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, na haikutangazwa kuisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 wamegonjwa na 2,287 wamekufa. Wakati ule, mtu akiwa amemgusa mgonjwa, jina lake lilikwenda kwenye liste ya kufuatiliwa siku 21. Kwa daktari liste ile iliokoa maisha, na ni kweli iliokoa. Kwa jirani mwenye anaona gari lenye nembo limesimama mbele ya parsele yako kila asubuhi, ilikuwa kitu kingine. Katika kartie zetu kuko watu walikimbia liste kuliko walivyokimbia ugonjwa wenyewe.

Na sisi, watoto wa hapahapa, tuliweka liste nyingine mlangoni mwa maktaba, na ndani yake kijiji cha asili na kile mtu anachotafuta. Katika mji wenye watu bado wanauawa njiani kwenda shambani, kijiji cha asili si habari ndogo. Tunaomba radhi juu ya jambo hilo. Tuliomba kwenye komite, tunaomba tena hapa mbele ya wote.

Sasa kaye haiko tena. Ukiingia unachukua kibao cha mti chenye namba ya mashini yako. Mwenye zamu anatia alama moja kwenye karatasi: mwanamke ao mwanaume, mkubwa ao mtoto. Basi. Haulizwi mtu jina, haulizwi anatoka wapi, haulizwi anaangalia nini. Jioni alama zinahesabiwa, mwanamemba mmoja wa komite anatia sahihi yake chini. Kutia sahihi ni kazi yake. Mwenye kuja kusoma asiguse kalamu.

Rafiki wafadhili, hapa tunasema na nyinyi. Mutapata hesabu, hamutapata majina. Tunajua si jambo dogo kwenu. Mmoja wenu alituuliza: bila sahihi za watu, tutajuaje kama walikuja kweli? Lilikuwa swali la haki. Tunajibu hivi: mufike siku yoyote bila kutuambia, mukae kwenye benchi, muhesabu wenyewe. Muangalie pia mega zinazotumika kila juma na mulinganishe na alama zetu. Na kama mkaguzi wenu huko Ulaya anasema haitoshi, mumwambie kanuni za maadili za wakutubi zenye shirika la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa 2012 zinaomba mkutubi achunge siri ya msomaji. Na hapa kwetu Kongo kuko Kanuni ya Dijitali, Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye inalinda habari za mtu binafsi. Hatukuokota wazo hili barabarani.

Hatutaficha kwamba sheria hii ina bei yake. Tangu kaye iondoke tumepoteza panya mbili na kaske moja, na hatuwezi kujua nani alibeba. Wengine katika komite walisema, munaona? Sisi tunaona kaske ni feza kidogo, tunaweza kununua ingine.

Jambo la pili ni ukumbusho wa mashini. Mama mmoja alikuja kusema na kaka yake mwenye alibaki Uganda. Hakujua kutumia kompyuta, kijana wetu akamfungulia WhatsApp kwenye mashini, wakasema vizuri, wakacheka, mama akaenda. Hakuna mwenye alifunga ile WhatsApp. Mwenye alikuja nyuma yake alisoma yote: kaka anatuma feza gani, kwa namba gani, siku gani. Yule mama alianza kupigiwa simu na mtu mwenye kujua habari zake zote na kujifanya ni mjumbe wa kaka. Feza ya karo ya watoto ikaenda. Kosa halikuwa la mama. Sisi tulimfungulia mlango na hatukumwonyesha namna ya kuufunga.

Njo maana leo kila mtu akimaliza, mashini inazimwa na kuwashwa upya, nayo inafuta yote kabla mwingine hajakaa. Ni dakika tatu, wanafunzi wanalalamika, hasa wenye wanaandika TFC. Wavumilie. Kwenye simu yako pia uangalie, kuko fasi yenye kuonyesha vifaa vyote vilivyounganishwa na WhatsApp yako. Ukikuta kifaa usichokijua, kiondoe palepale. Na ile dirisha ya siri yenye vijana wanaisifu sana, inaficha mambo kwa mtu atakayekaa kwenye kiti nyuma yako. Kampuni ya simu yenye inatuuzia mega haifichwi kitu nayo.

Mwanamemba wa Beni aliuliza: mtu asiyejua kusoma, siri yake itachungwa namna gani, kwani lazima mwingine amwandikie? Ni kweli, na hatuna dawa kamili. Tumefanya hivi. Mwenye kuja anachagua mwenyewe nani atamsaidia. Kuko mama kwenye zamu kila siku ya soko, juu bamama wengi hawapendi kusomewa ujumbe wa bwana na kijana wa miaka ishirini, na tunawaelewa. Msaidizi hauliza neno la siri. Anageuza uso, mtu anaandika mwenyewe hata polepole, hata kwa kidole kimoja. Na mwenye atasikiwa anasimulia kwenye kabare kile alichosoma maktabani, kazi imeisha siku ile.

Sasa Facebook. Wazee wetu wengi, na baadhi ya wachungaji, walituomba tuifunge kabisa. Walisema inaleta uongo na picha mbaya. Uongo, ndiyo, tuliuona. Wakati wa Ebola sauti za WhatsApp zilizunguka mji mzima zikisema ugonjwa ni biashara, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na vya hapa Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Hatusemi simu njo iliwasha moto, hasira ilikuwa na mizizi mingine mingi. Lakini mukumbuke pia mwisho wa 2018. CENI ilisema Beni na Butembo watapiga kura Machi, juu ya Ebola na usalama. Nchi ingine ikapiga kura tarehe 30 Desemba, kesho yake intaneti ikakatwa Kongo nzima, karibu majuma matatu. Sisi hatukupiga kura na tulikatiwa vilevile! Je, uongo uliisha majuma yale? Ulitembea kwa miguu, ulipanda tshukudu, ulifika kila mahali, na mwenye alitaka kuuliza ndugu yake wa Beni kama ni kweli hakuwa na njia. Basi hatukuifunga Facebook. Mzee mmoja wa komite bado hakubaliani nasi, na tuliahidi kuandika katika gazeti kwamba hakubaliani. Tumeandika.

Picha za maiti ni jambo lingine, na hapa tulikaa muda mrefu kuliko kwa sheria nyingine zote. Munajua namna inaenda. Kunatokea mauaji upande wa Oicha ao Mbau, saa moja haijapita, picha ziko katika simu zote. Kuko watu waliomwona mama yao hivyo, kwenye simu ya mtu mwingine, kabla ya mtu yeyote wa jamaa kuja kuwaambia. Kwanza tuliandika: ni marufuku kufungua picha za mauaji. Sheria ile haikumaliza juma mbili. Alikuja binti mmoja, amenyamaza, akaomba mashini ya mwisho kule pembeni. Alikuwa anatafuta kama kaka yake iko kati ya wale walipigwa picha, kwani simu yake haikuingia tangu siku tatu. Tungemwambia nini? Kwamba sheria iko ukutani?

Tukaiandika upya. Mtu mwenye anatafuta wa kwake anapewa mashini ya pembeni, yenye mgongo wake unatazama ukuta, na mtu mzima mmoja anakaa karibu naye kama anataka. Dakika hazihesabiwi. Lakini kutuma picha hizo kwa wengine kutoka kwenye mashini zetu, hapana, na kuzifungua katikati ya watoto, hapana. Vilevile picha za askari, magari yao na fasi wanakaa. Tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na picha moja ya mchezo inaweza kukulaza fasi mbaya. Mjue pia ile Kanuni ya 2023 inatoa adhabu ya gereza kwa mwenye kusambaza uongo juu ya mtu, hata kama si yeye aliyeuanzisha. Kubonyeza tu kunatosha.

Swali la pili kutoka Beni lilikuwa juu ya ahadi za kazi na masomo ng'ambo. Tutasema haraka, kwani afisi ya HCR imelisema mara nyingi: kupelekwa nchi ya tatu kupitia kwao hakulipiwi hata franga moja. Mtu akikuomba feza ya dosie kwenye intaneti, ni mwizi. Na kwa wazazi: ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza namna ADF ilivuta vijana kwa kuwaahidi kazi ao shule, na walijikuta porini. Kijana akipata ahadi ya namna hiyo, alete ujumbe tuusome pamoja. Hatutamwandika popote.

Dakika ni 45 kwa kila mtu kama kuko wenye kungoja. Mwenye anajiandikisha kwa mtihani anamaliza kwanza. Watoto kabla ya saa kumi na moja. Mengine muyasome ukutani.

Limebaki jambo moja lenye hatukuweza kuamua peke yetu. Zile kaye za zamani ziko tatu, zimejaa majina yenu. Ziko katika kasha la chuma, ufunguo mmoja uko kwa mama mtunza kasha, mwingine kwa mlezi wa komite. Mkataba na mfadhili wa kwanza unasema karatasi zote za mradi zichungwe miaka mitano. Wengi wenu munataka zichomwe leo, hapa uani, mbele ya macho yenu. Tumemwandikia mfadhili, tumemwomba akubali tukate kurasa zenye majina na tubakize hesabu ya kila siku. Jibu halijafika. Baada ya chai mutapiga kura: kungoja mpaka mwisho wa mwezi, ao kutongoja. Wanamemba wa Beni watapiga yao Jumamosi, na wenye hawapendi kuandika watainua mkono.