Ndege Nazo Hupiga Hodi



Mgeni afikapo kijijini hupiga hodi, akataja jina lake na haja yake. Huenda wengine hudhani ya kuwa ndege haina mlango wa kupigia hodi, maana anga halina ua. Sivyo. Mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Chicago tarehe 7 Desemba 1944 yasema kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Basi hata anga la juu ya ziwa letu la Singidani lina mwenyewe. Nazo ndege za jeshi, polisi na forodha za nchi nyingine zimekatazwa kupita au kutua pasipo idhini maalum.

Idhini hiyo huombwa mapema kwa njia ya balozi. Mwombaji hueleza namna ya ndege, watu na vitu iliyochukua, njia itakayopita, na siku ya kufika.

Jambo hili si dogo. Tarehe 25 Januari 1964, askari wa Tanganyika walipokuwa wameasi, helikopta za Waingereza zilitua penye kambi ya Colito, karibu na Dar es Salaam, kwa kuwa Rais Nyerere mwenyewe aliomba msaada. Lakini usiku wa kuamkia 4 Julai 1976, ndege za Israeli zilitua Entebbe bila hodi ili kuwatoa mateka. Watu waliuawa, ndege za vita za Uganda ziliharibiwa, na shauri likafika Umoja wa Mataifa.

Basi, waalimu, wafundisheni watoto kwamba mipaka ya nchi haikomei ardhini.