Tone, Kiputo na Uga wa Umeme: Kwa Nini Maji Machache Huyaangusha Mafuta ya Transfoma



Nimeombwa nizungumzie tabia ya viputo na matone ndani ya vimiminika vilivyo kwenye uga wa umeme. Ukiisoma vitabuni, mada hii huonekana ya wanafizikia wenye nafasi. Kwetu sisi tunaohangaika na transfoma ni kazi ya kila siku, na hoja yangu ni moja: mafuta yanaposhindwa kuhimili volteji, mara nyingi lawama si ya mafuta. Ni ya kile kinachoelea ndani yake, na ukubwa wa kitu hicho ndio unaoamua.

Tuanze na tone la maji. Kwa kipimo cha namna dutu inavyoitikia uga wa umeme, hewa ni 1, mafuta ya transfoma ni 2.2 na maji ni 80 hivi. Kwa tofauti hiyo, tena maji yakiwa na chumvichumvi kidogo, tone lililo ndani ya mafuta huwa kama gololi ya chuma. Chaji chanya hukusanyika upande mmoja na hasi upande wa pili, na pale kwenye ncha mbili uga hufikia mara tatu ya ule uliopo mbali na tone. Ncha huvutwa nje, mvutano wa uso nao hulirudisha tone liwe duara. Uga ukiongezwa, tone hurefuka. William Gilbert aliliona jambo hili tangu mwaka 1600, aliposogeza kaharabu iliyosuguliwa karibu na tone la maji na kuona maji yakiinuka kwa umbo la pia.

Aliyelifikisha kwenye hesabu ni G. I. Taylor wa Cambridge, mwaka 1964. Alionyesha kwamba tone hurefuka taratibu mpaka urefu wake ufike mara 1.9 ya upana. Zaidi ya hapo hakuna tena mlingano wa nguvu: ncha huchongoka ghafla kuwa pia yenye nusu pembe ya nyuzi 49.3, na kileleni huchomoka mchirizi mwembamba wa matone madogo mno.  

Kanuni ya Taylor inasema kwamba uga unaolipasua tone hupungua kadiri tone linavyokuwa kubwa: nusu kipenyo kikiongezeka mara mia, uga unaohitajika hupungua mara kumi. Tuweke tarakimu. Chukua mvutano wa uso wa nyutoni 0.03 kwa mita, kiasi cha kawaida kati ya maji na mafuta ambayo si mapya. Tone la nusu kipenyo cha milimita 1 hupasuka kwenye kilovolti 6 hivi kwa sentimita. La mikroni 10 huvumilia hadi 57. Sasa tazama kikombe cha kupimia mafuta, chenye elektrodi mbili zilizoachana milimita 2.5. Kwenye kilovolti 30, uga kati yake ni kilovolti 120 kwa sentimita. Kwa hesabu ileile, tone lolote lenye nusu kipenyo kinachozidi mikroni 2 na kitu haliwezi kubaki zima hapo. Litavutwa, litachongoka, na mchirizi wake utakuwa ndio njia ya cheche. Tone la ukubwa huo jicho halilioni, na mafuta yenye matone machache ya namna hiyo bado yataonekana safi kwenye chupa.

Kuna baya zaidi. Uga usipokuwa sawa kila mahali, na ndani ya transfoma kamwe hauwi sawa, tone la maji husukumwa kuelekea mahali uga ulipo mkali. Yaani maji hayakai chini yakasubiri. Yanakwenda yenyewe kwenye kona ya kondakta, kwenye nyuzinyuzi ya karatasi ya kuhami iliyochomoza, mahali ambapo tungependa yasifike.

Kiputo cha gesi kina tabia nyingine. Chenyewe husukumwa kuelekea uga hafifu, kwa kuwa kipimo chake cha kuitikia uga ni kidogo kuliko cha mafuta. Mtu atasema basi hakina neno. Neno lipo, tena kubwa. Ndani ya kiputo cha duara uga ni mara 1.2 hivi ya ule ulio kwenye mafuta yanayokizunguka, ilhali gesi huhimili kidogo kuliko mafuta. Hewa ya kawaida huvunjika kwenye kilovolti 3 hivi kwa milimita. Kiputo kidogo huhimili zaidi, lakini hakifiki mafuta safi. Kwa hiyo cheche huanzia ndani ya kiputo, huunguza mafuta ya pembeni, na mafuta yanayoungua hutoa gesi zaidi. Mwaka uleule wa 1964, katika jarida lilelile la Royal Society lililochapisha kazi ya Taylor, Garton na Krasucki walionyesha kuwa kiputo nacho hurefuka kufuata uga, na kikishapita kiwango fulani hakishikiki. Viputo hivi hutoka wapi? Vingine huingia wakati wa kujaza mafuta bila kuvuta hewa vya kutosha. Vingine huzaliwa humohumo: karatasi yenye unyevu wa asilimia 2 ikipata joto la nyuzi 140 hivi, kama inavyotokea transfoma ikibebeshwa mzigo kupita kiasi, maji yake hutoka kwa kishindo yakiwa mvuke.

Niseme pia, kwa haki ya somo, kwamba si kila tone hurefuka. Mwaka 1962 Allan na Mason waliona matone mengine yakibonyea, yakiwa mapana kukingama uga, jambo ambalo nadharia ya wakati ule haikuliruhusu. Taylor alilieleza mwaka 1966: vimiminika walivyotumia hupitisha umeme kidogo sana, lakini kidogo hicho kinatosha kukusanya chaji kwenye uso wa tone, na chaji hiyo huburuza kimiminika na kukizungusha ndani na nje.

Uga huu unaoyavuta matone, ambao kwenye transfoma ni adui, una pia upande wa manufaa. Mafuta ghafi hutoka ardhini yakiwa yamechanganyika na maji ya chumvi katika matone madogo. Ni kinyume cha tui la nazi, ambalo ni mafuta ndani ya maji. Tone la kipenyo cha mikroni 10, katika mafuta yenye mnato mara kumi ya ule wa maji, huzama milimita 3 tu hivi kwa saa. Ukisubiri lizame lenyewe utasubiri sana. Lakini matone elfu yakiungana kuwa moja, kipenyo huwa mara kumi na mwendo mara mia. Frederick Cottrell wa California aliliona hilo, na mwaka 1911 yeye na Buckner Speed walipata hataza ya kuunganisha matone kwa umeme. Kila tone huwa na ncha chanya na ncha hasi, na yaliyo jirani huvutana ncha kwa ncha. Nguvu hiyo hufifia haraka, kwani umbali kati ya matone ukiongezeka maradufu hupungua mara 16, na hiyo ni sababu mojawapo ya mitambo ya kuondoa chumvi kuongeza maji safi ndani ya mafuta machafu. Mgeni hushangaa, lakini maji hayo yanayasogeza matone karibu.

Hapa ndipo waendesha mitambo wengi hukosea: wakiona maji hayatengani, huongeza volteji. Uga ukizidi, matone makubwa hupasuka upya kwa njia ya Taylor. Aidha Ristenpart na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba matone yenye chaji tofauti, uga ukipita kiwango fulani, hugusana kisha huruka nyuma bila kuungana. Mafuta ya Ziwa Albert yanayokusudiwa kusafiri kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lazima yatenganishwe na maji kwanza. Vijana wetu watakaoajiriwa huko wajue hili kabla ya kushika kitasa cha volteji.

Nimalizie na transfoma. Mafuta kwenye nyuzi joto 25 huyeyusha maji sehemu 50 hadi 70 hivi kwa milioni. Kwenye nyuzi 80 huvuka 300. Transfoma iliyofanya kazi mchana kutwa, umeme ukikatika usiku ikapoa, huyatoa maji yaliyozidi yakawa matone. Umeme unaporudi alfajiri ndipo hatari ilipo. Mwambao wa Tanga na Mombasa, wenye unyevu mwingi hewani, hatari hiyo ni kubwa zaidi pale chembe za silika jeli zinazokausha hewa kwenye kipumulio zinapoachwa zimebadilika rangi kwa miezi.

Ninawaomba mafundi mambo matatu. Chembe za silika jeli zikaguliwe na kubadilishwa kwa wakati. Kikombe kikishajazwa, kisubiriwe dakika 5 kabla ya kupandisha volteji, na dakika 2 kati ya pigo na pigo, kama kiwango cha IEC 60156 kinavyotaka. Muda huo umewekwa ili viputo vipate kupanda, si mapambo ya karatasi. La tatu, kwenye kila fomu ya sampuli iandikwe joto la mafuta wakati yalipochotwa. Bila tarakimu hiyo, hatuwezi kujua kama maji tuliyoyapima yalikuwa yameyeyuka au yalikwisha kuwa matone.