Nguvu na Wepesi: Yoga, Pilates na Vyuma kwa Mkazi wa Kila Umri

Mazungumzo ya afya kwa wakazi, yanayoweza kusomwa katika mabaraza, vikundi vya wadi na kumbi za jamii



Kabla ya mengine, kila aliyeketi na ajaribu jambo moja. Akunje mikono kifuani, asimame bila kujishika popote, aketi tena, arudie mara 5.

Wapo waliofanya bila shida. Wapo ambao magoti yamelalamika. Wapo waliolazimika kushika meza. Hakuna wa kuchekwa. Lakini anayeshindwa kuinuka kitini leo yumo hatarini kuanguka bafuni kesho, na mzee akivunjika nyonga, familia nzima huugua pamoja naye. Biashara hufungwa, watoto hukosa wa kuwapeleka shule, akiba ya chama huishia kwenye matibabu.

Kuinuka kitini kunahitaji misuli yenye nguvu, viungo vinavyokunjika na mwili unaojua kujisawazisha. Tatizo ni kwamba wengi wanaofanya mazoezi huchagua kimoja na kuacha vingine.

Chukueni mfano wa kijana anayenyanyua mikebe iliyojazwa saruji nyuma ya nyumba. Kifua kimejaa, mikono imetuna, lakini akiambiwa ainame aguse vidole vya miguu, mgongo unakataa. Upande wa pili yupo mama anayetandika mkeka wake na kujinyoosha kila asubuhi. Mwili wake ni mwepesi, ila vyuma haviguswi, kwa sababu aliambiwa ni vya wanaume. Kila mmoja ana nusu ya dawa.

Yoga ilianzia India maelfu ya miaka iliyopita. Umoja wa Mataifa uliitengea tarehe 21 Juni, na siku hiyo imeadhimishwa duniani tangu 2015. Huunganisha mikao ya mwili, pumzi na utulivu wa akili. Pilates ni changa zaidi. Ilibuniwa na Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1883. Alizuiliwa Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawafunza mazoezi wafungwa wenzake, na baadaye akafungua ukumbi wake New York. Mazoezi yake hulenga zaidi misuli ya tumbo, kiuno na nyonga, ile inayoshikilia uti wa mgongo.

Wapo wanaouliza kama yoga ni ibada. Ni kweli kwamba ina mizizi katika dini za India, na wapo wanaoifanya kwa nia hiyo. Wapo pia wanaofanya mikao na pumzi peke yake kwa ajili ya afya. Mkazi ambaye dhamiri yake haimruhusu asilazimishwe. Pilates, au kujinyoosha kwa kawaida, kutamfaa vilevile.

Sasa, kwa nini kuchanganya? Kwanza, kuanzia miaka ya 30 hivi mwili huanza kupoteza misuli, takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Dawa kuu ya hilo ni kuipa misuli mzigo, na kuuongeza polepole kadiri mwili unavyozoea. Yoga hutumia uzani wa mwili wenyewe, kwa hivyo hufika mahali ikakoma. Tena mikao yake mingi ni ya kusukuma sakafu. Kuvuta hakupo kwa wingi, na misuli ya mgongo wa juu hubaki nyuma.

Pili, vyuma peke yake havimfundishi mtu kusimama kwa mguu mmoja, wala kupumua vizuri. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Kwa waliotimiza miaka 65, linaongeza mazoezi ya kujisawazisha na ya nguvu siku 3 au zaidi.

Ratiba yenyewe si ngumu. Jumatatu na Alhamisi ziwe za nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu ukutani au sakafuni, kuinama kidogo mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta mtungi wa maji hadi kiunoni, kisha kutembea na mitungi miwili. Kila zoezi mara 8 hadi 12, mizunguko 2 au 3. Mtungi wa lita 5 uliojaa maji una kilo 5, na hauhitaji ada ya jimu. Jumanne na Ijumaa ziwe za yoga au Pilates, dakika 20 hadi 30 mkekani. Siku nyingine ni za kutembea kwa haraka, na moja ya kupumzika.

Asiyepata siku nne anaweza kuyaweka pamoja, ila afuate mpangilio. Aanze kwa kuupasha mwili joto kwa kutembea na kuzungusha mikono na miguu. Kisha vyuma, na mwisho kujinyoosha taratibu. Kushikilia mnyoosho kwa muda mrefu kabla ya kunyanyua mzigo mzito hupunguza nguvu za misuli kwa muda. Misuli iliyofanyishwa kazi nzito nayo ipewe kama saa 48 kabla ya kurudiwa.

Pumzi ni muhimu. Mtu atoe pumzi anaponyanyua, aivute anaposhusha. Kuibana hupandisha presha ghafla. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au presha ya macho aepuke mikao ya kichwa chini. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, mwenye ugonjwa wa moyo au aliyefanyiwa upasuaji aende kwanza kituo cha afya. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni ishara ya kuacha mara moja na kutafuta matibabu.

Misuli hujengwa pia jikoni: maharagwe, ndengu, omena, mayai, maziwa, kwa kiasi ambacho kila nyumba inaweza. Na hujengwa usingizini.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mwili wa binadamu hukunjika hata ukiwa umekomaa, mradi usilazimishwe. Hata mtu wa miaka 70 au 80 anayeanza leo kwa mzigo mwepesi huongeza nguvu.

Kwa hivyo kila mmoja aandike leo: ameinuka kitini mara ngapi kwa nusu dakika? Arudie hesabu hiyo baada ya miezi mitatu. Na nyumbani kama yupo babu au nyanya, asiachwe kitini. Ashikwe mkono siku ya kwanza, asimamiwe siku ya pili, na siku moja atainuka mwenyewe.