Kusoma Vikomo vya Michakato kwa Mstari wa Amri: Mada kwa Mafundi wa Seva, Kashai, Bukoba



Naanza na kosa langu. Ofisi moja hapa Kashai ina seva ndogo ya Linux inayotunza hesabu zake. Kila mwisho wa mwezi, ripoti zikianza kutolewa, hifadhidata ya MariaDB ilikuwa inazimika. Niliitwa, nikatazama juujuu, nikasema RAM haitoshi. Ikaagizwa Mwanza, ikaja kwa meli, tukatoka GB 4 tukafika 8. Mwezi uliofuata ikazimika tena, na mhasibu akanitazama bila kusema kitu.

Ndipo nikafungua shajara ya kerneli kwa journalctl -k na kusoma nilichopaswa kusoma siku ya kwanza: "Memory cgroup out of memory". Mashine nzima ikiishiwa, ujumbe huanza na "Out of memory" moja kwa moja. Yale maneno mawili ya mbele ndiyo yanayosema kwamba kilichoishiwa ni kikundi, si mashine.

Vikundi hivi vya udhibiti, ambavyo sisi mafundi tunaviita cgroup, vilianzishwa mwaka 2006 na Paul Menage na Rohit Seth wa Google, vikaingia kwenye kerneli 2.6.24 Januari 2008. Toleo la pili, kazi ya Tejun Heo hasa, ndilo utakalolikuta kwenye seva nyingi za sasa. Andika stat -fc %T /sys/fs/cgroup. Ukijibiwa cgroup2fs, haya ninayosema yanakuhusu.

Raha yake ni kwamba kila kikomo ni faili la kawaida. Amri ya pidof mariadbd ilinipa namba 812. Nikaandika cat /proc/812/cgroup, nikapata 0::/system.slice/mariadb.service. Sehemu inayoanzia kwenye mkwaju ukiiunga na /sys/fs/cgroup, umefika kwenye folda ya kikundi. Humo memory.max ilisomeka 536870912, yaani MB 512, hata ungeweka RAM ya GB 80. Kisha systemctl cat mariadb ikanionyesha faili ambamo fundi aliyenitangulia aliandika MemoryMax=512M. Tulipandisha hadi GB 2. Zile GB 4 za awali zingetosha kabisa.

Ukikuta memory.max imeandikwa max, usishangilie mapema. Panda ngazi hadi system.slice na usome ya huko. Mtoto anaweza kuambiwa alime atakavyo, lakini migomba yake haitavuka mpaka wa kibanja cha baba. Wengi hunaswa hapa. Tazama pia memory.events: mstari wa max huongezeka kila kikundi kinapogonga ukuta wake.

Kwa prosesa, faili ni cpu.max. Ikisema 50000 100000, kikundi kina nusu ya kiini kimoja. Kikizidi hapo kinasubirishwa, na nr_throttled ndani ya cpu.stat huhesabu mara zilizotokea. Prosesa humchelewesha mtu tu. RAM ndiyo inayoua, kwa hiyo anzeni nayo.

Baada ya chai kila mmoja aingie kwenye seva yake, aandike karatasini memory.max ya huduma tatu pamoja na ya ngazi zilizo juu yake. Asibadilishe chochote. Tutazisoma pamoja.