Kuhifadhi au Kusajili? Istilahi za Udhibiti wa Matoleo kwa Wanaoanza



Mada yangu ni finyu: istilahi anazohitaji mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kutumia programu za kudhibiti matoleo, mathalani Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili kuratibu kazi ya watayarishaji wa kiini cha Linux. Programu hizi hutunza historia ya maandishi: nani alibadili nini, lini, na kwa nini.

Wanafunzi husema "nimekomiti". Wakitakiwa kufasiri, aghalabu hujibu "nimehifadhi". Hapo ndipo kosa linapoanzia. Katika kompyuta, "hifadhi" tayari lina kazi yake: faili likihifadhiwa, hali mpya hufuta ya awali. Kukomiti hakufuti, huongeza kumbukumbu mpya yenye jina la mhusika, tarehe na maelezo, inayofungamana na ile iliyotangulia. Tendo hilo tunalo: ni kusajili. Anayesajili ndoa ya leo hafuti ya jana. Huongeza ingizo daftarini. Mwanafunzi asiyeiona tofauti hiyo huendelea kurundika nakala za tasnifu, moja "ya mwisho", nyingine "ya mwisho kabisa", ilhali programu ingemtunzia zote.

Tazameni pia "mgogoro" na "mgongano". Watu wawili wakibadili mstari uleule katika matawi mawili, programu hushindwa kuyaunganisha yenyewe, ikamwachia binadamu uamuzi. "Mgogoro" hudokeza ugomvi, na anayeanza hudhani ameharibu kazi ya mwenzake. "Mgongano" hutaja tukio bila kumlaumu mtu. Nalichagua hilo.

"Tawi" nalo limekwisha kuzoeleka, nami silipingi. Hata hivyo, tawi la mti halirudi shinani, ilhali haya huunganishwa tena. Mwalimu na atahadharishe mapema.

Amri zinazochapwa zitabaki katika umbo lake la Kiingereza. Maelezo yake si lazima. Istilahi si pambo la lugha: anayepewa neno lisilofaa hujenga picha isiyo sahihi ya mashine, kisha hujilaumu kwa kutoelewa. Kwa hiyo napendekeza kwamba faharasa fupi ya maneno haya ijaribiwe kwanza darasani, mbele ya wanaoanza, ndipo ipelekwe BAKITA kwa usanifishaji. Wao ndio watakaotuonyesha neno gani linapotosha.