Kicheko cha Mzee Ojwang'

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya jambo nilipendalo. Nimechagua kumkumbuka Mzee Ojwang', mchezaji wa Vitimbi na Vioja Mahakamani, aliyefariki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78.

Sisi tuliokuwa hapa miaka ya 1990 hatuwezi kumsahau. Televisheni ilikuwa moja tu, bwaloni, nasi tulitazama KBC. Mzee alipotokea na suruali yake pana na miwani yake mikubwa, bwalo zima liliangua kicheko kabla hajafungua kinywa. Alipogombana na Mama Kayai, tulishika mbavu.

Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo, na wengi wetu tulimdhania kuwa mtu wa Nyanza. Kumbe jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Wako waliolijua jambo hilo siku ya msiba tu.

Sasa niseme lililonileta hapa. Tulipokuwa kidato cha kwanza, mwenzetu mmoja kutoka kando ya ziwa alisimama kusoma darasani, akasema "sule" badala ya "shule". Mimi ndiye niliyeanza kumwigiza. Muda si muda darasa zima likamwita Ojwang'. Mwalimu aliponikaripia nilijitetea kwamba hata katika televisheni watu huongea hivyo na taifa zima hucheka.

Ndugu zangu, utetezi ule haukuwa na mguu. Mzee Ojwang' hakusimama kando akamcheka Mjaluo. Aliingia ndani ya lafudhi ile, akajifanya yeye mwenyewe ndiye wa kuchekwa. Na tulichokicheka zaidi kilikuwa majivuno ya mzee anayejiona mwerevu kisha akanaswa katika mtego wake mwenyewe. Mzee wa namna hiyo yumo katika kila kabila na kila nyumba. Ndiyo maana alipougua macho, watu wa kila upande walichanga fedha za matibabu, na alipokufa walimlilia kwa pamoja. Hayo hayakuwa madogo katika nchi iliyokwisha kuona damu ya mwaka 2007 na 2008.

Mwenzetu yule yumo ukumbini humu. Jana jioni nilimwendea nikamwomba radhi. Akaniambia, "Hata mimi nilicheka pamoja nanyi. Lakini tangu siku ile sikuinua tena mkono darasani." Tulisoma pamoja miaka minne, nami sikulitambua hilo hata siku moja.

Vijana, sikuja kuwakataza kucheka. Shule bila kicheko ni jela. Chekeni, taniana, igizeni. Lakini kabla ya kuigiza ulimi wa mwenzako, mtazame anayechekwa: ikiwa ni wewe mwenyewe, endelea. Ikiwa ni yeye peke yake, basi nyamaza, kwani huo si mchezo wa Mzee Ojwang'.

Mungu amlaze mahali pema.