Jina Lako Liwe Kwenye Tiketi
(Mada kwa wananchi wa Turwa, Tarime, kuhusu safari ya Zanzibar na malazi)



Wapo miongoni mwenu waendao Zanzibar kutafuta kazi, kuhudhuria harusi au kutembea tu. Safari hiyo huanza kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha huvuka bahari kwa boti. Leo nawaomba mzingatie jambo moja ambalo haki nyingi za msafiri huliegemea: jina lake liandikwe, na liandikwe sawasawa.

Tumefunzwa kwa uchungu. Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama usiku ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Septemba 2018, katika ziwa letu wenyewe, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101; waliofariki walizidi 200. Chombo kikibeba watu wasioandikwa, waokoaji hawajui wamtafute nani, na familia haina pa kuanzia kuuliza.

Kwa hiyo, nunueni tiketi katika ofisi ya kampuni ya boti, si kwa kishoka anayewalaki nje ya bandari. Onyesheni kitambulisho, kisha someni tiketi kabla ya kuondoka dirishani. Msisafiri kwa jina la mtu mwingine, hata kama tiketi hiyo ni ya bei nafuu. Watoto nao waandikwe, hata wachanga. Mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, msipande. Heri kulala Dar es Salaam usiku mmoja.

Kuhusu malazi, tafuteni mapema, hasa kwa safari za Julai, Agosti na mwisho wa Desemba, ambapo wageni ni wengi na bei hupanda. Kabla ya kutuma fedha, ulizeni: bei ni ya chumba au ya kila mtu? Kifungua kinywa kimo? Safari ikiahirishwa, fedha zitarudishwa? Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa likiwa si la nyumba ya wageni wala la mtu aliyethibitishwa na mapokezi, sitisheni malipo. Papasi akiwaambia kuwa nyumba yenu imejaa, nendeni mkahakikishe wenyewe. Daini risiti yenye jina lenu, tarehe na idadi ya siku.

Mkidhulumiwa, msinyamaze. Malalamiko ya basi yapelekwe LATRA. Ya boti, TASAC kwa upande wa Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar. Ya malazi yapelekwe Kamisheni ya Utalii Zanzibar, kwa kuwa utalii si jambo la Muungano. Kote huko mtaulizwa kwanza tiketi au risiti.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi msafiri naye asiende bila kuandikwa.